Asali na bakteria sugu: inaua kweli, ila inategemea umeiweka wapi

Kila baada ya muda inazunguka tena ile habari ya asali kuua bakteria walioshindikana kwa antibayotiki, na habari yenyewe ni ya kweli kabisa, imepimwa maabara nyingi na kwa miaka mingi. Tatizo ni kinachofuata. Mtu anasoma kichwa cha habari, anafunga, alafu anatoka na wazo kwamba vijiko viwili asubuhi na jioni vitamsafisha maambukizi ya njia ya mkojo au nimonia, na saa ingine anaacha dozi aliyoandikiwa. Hapo katikati kuna hatua kubwa imerukwa, na mi naona ni hatua ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa akielezwa taratibu, kwaiyo ngoja nijaribu.

Tuanze na usugu wenyewe. Bakteria wanazaliana haraka sana, baadhi kila dakika 20 au 30 wakiwa na chakula cha kutosha, na katika kuzaliana huko makosa madogo kwenye vinasaba hayakosekani. Mengi hayana maana yoyote, ila moja kati ya mamilioni linaweza kumpa bakteria mmoja namna ya kunusurika na dawa, na dawa ikija inawafagia wenzake wote anabaki yeye na nafasi yote ni yake. Tena bakteria wanapeana vinasaba wao kwa wao, hata wa aina tofauti, yani usugu ukipatikana kwa mmoja hauishii kwake. Wengine wanatengeneza kimeng'enya cha kuikata dawa, wengine wanaisukuma nje ikiingia, wengine wanabadilisha kile kitu ambacho dawa ilikuwa inakishika. Staphylococcus aureus wale sugu, wanaojulikana kama MRSA, ndo wanafanya hivyo vya mwisho, wana protini nyingine ya kujengea ukuta wao ambayo dawa za ukoo wa penisilini hazishikani nayo vizuri, kwaiyo unameza dawa na wao wanaendelea kujenga.

Haya hayakuanza jana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba ukiwapa bakteria dawa kidogo isiyotosha kuwaua unawafundisha kuizoea. Leo makadirio yaliyotolewa kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 yanasema mwaka 2019 pekee watu kama milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa, na ukihesabu vifo vyote ambavyo usugu ulihusika kwa namna moja au nyingine inafika karibu milioni 4.95. Ndo maana watafiti wamerudi kukagua vitu vya zamani, na asali ipo mbele kwenye foleni, maana hata Wamisri wa kale waliandika kwenye mafunjo yao ya uganga namna ya kuipaka kwenye vidonda, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita.

Sasa kwa nini asali inaua bakteria ambaye antibayotiki imemshindwa? Antibayotiki nyingi ni ufunguo wa kitasa kimoja, bakteria akibadilisha kitasa basi umekwama. Asali haina kitasa kimoja inachokilenga, inashambulia kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja na hapo ndo utamu wa mada hii ulipo.

Ya kwanza ni sukari. Asali iliyoiva ina sukari kama asilimia 80 na maji chini ya asilimia 20, na hayo maji yenyewe yameshikwa na sukari kiasi kwamba bakteria hayapati, badala yake anayapoteza ya kwake, ananyauka. Ya pili ni uchachu, pH yake iko kati ya 3.2 na 4.5 hivi, mahali ambapo bakteria wengi wa vidonda hawastawi. Watu wengi wanaishia hapo wanasema aah kumbe ni sukari tu, na kweli hata sukari ya kawaida iliwahi kutumika kwenye vidonda. Ila ukichanganya asali na maji mpaka sukari haitoshi tena kumnyausha bakteria, bado inaua. Kuna kitu kingine humo.

Kitu hicho kilitajwa kwa jina mwaka 1963, Jonathan White na wenzake Marekani walipoonyesha kwamba ni haidrojeni peroksaidi. Nyuki kibarua ana tezi kichwani zinazotoa kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi, anakichanganya na mbochi, yani yale maji matamu ya maua, anapoutengeneza kuwa asali. Ndani ya asali iliyoiva kimeng'enya hiki kimelala, maji hayatoshi na uchachu ni mkali. Ukiipaka kwenye kidonda kinachotoa majimaji, yale majimaji yanaichanganya asali, kimeng'enya kinaamka kinaanza kula glukosi na kutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo kwa masaa mengi. Yani asali ikizimuliwa na kidonda inapata nguvu ambayo haikuwa nayo kwenye chupa, na kwa sababu inatoka kwa kiwango kidogo haiunguzi nyama kama ile peroksaidi ya chupa unayomwagia kidonda mara moja ikafoka povu. Hapohapo uelewe kwa nini asali iliyochemshwa au iliyokaa juani muda mrefu haina kazi kwenye hili: joto na mwanga vinaharibu hicho kimeng'enya. Utamu unabaki, dawa imeondoka.

Alafu kuna manuka, asali inayotokana na maua ya mti wa mmanuka. Miaka ya 1980 Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, alikuwa anapima asali za kwao, anaweka kimeng'enya cha kuivunja ile peroksaidi yote ili aone kinachobaki, na asali ya mmanuka ikaendelea kuua kana kwamba hakuna kilichoondolewa. Ilichukua miaka mingi kujua kwa nini. Mwaka 2008 timu ya Thomas Henle wa Dresden, Ujerumani, ilichapisha jibu, ni kemikali inaitwa methiliglaioksali, na inatokana na kitu kingine kilichomo kwenye mbochi wa maua ya mmanuka ambacho kinageuka taratibu asali inapokaa. Kwaiyo hiyo nguvu imeanzia kwenye ua, nyuki kaibeba tu. Na mwaka 2010 watafiti wa Amsterdam wakiongozwa na Paulus Kwakman walichukua asali nyingine ya tiba, wakazima silaha zake moja baada ya nyingine mpaka ikaacha kuua, na humo wakakuta protini ndogo ya kinga ya nyuki mwenyewe, difensini-1, ambayo ni sehemu ya ulinzi wa nyuki dhidi ya magonjwa yao. Walipoigeukia manuka hawakuiona hiyo difensini ikifanya kazi humo. Asali mbili, zote zinaua bakteria walewale, kila moja kwa njia yake. Kwaiyo mtu akikwambia asali inatibu hiki na kile, swali la kwanza ni asali gani.

Je bakteria wanaweza kuizoea na asali? Hili nalipenda kwa sababu majibu yake yanafundisha kupunguza maneno. Rose Cooper na wenzake wa Cardiff mwaka 2010 walijaribu kwa makusudi kuwafundisha bakteria wa vidonda kuizoea manuka, wakiwapa kidogo kidogo na kuongeza, na usugu wa kudumu haukutokea, wakati kwa antibayotiki mchezo huohuo unazaa usugu bila shida. Watu wakalibeba hilo wakasema asali haizoeleki kamwe. Ila mwaka 2014 ukaja utafiti mwingine uliowatazama Pseudomonas aeruginosa wanaoishi kwenye utando, yani ule ute wanaojitengenezea juu ya kidonda na kujificha humo, na baada ya kupewa manuka isiyotosha kuwaua baadhi walitoka wakiwa wagumu zaidi kwa asali. Kwaiyo onyo la Fleming linafika hadi huku, kidogo kisichotosha ni hatari hata kikiwa cha asili.

Kwa upande mwingine timu hiyohiyo ya Cardiff, mwaka 2012, ilionyesha kitu ambacho kwangu ndo kina matumaini kuliko vyote. Waliwapa MRSA manuka pamoja na oksasilini, ambayo ni antibayotiki ya ukoo wa penisilini ambayo MRSA kwa kawaida hawaijali, na dawa ikarudi kufanya kazi. Asali ilikuwa imevuruga ule mfumo wa vinasaba unaomsaidia bakteria kuhimili dawa. Yani dawa iliyokuwa imestaafishwa inaweza kuitwa tena kazini kama ina msaidizi. Bado hiyo ni maabara, naomba uliweke hilo akilini.

Na maabara hapa maana yake nini hasa? Unachukua kisahani chenye jeli ambayo ni chakula cha bakteria, unawasambaza bakteria juu yake sawasawa, unatoboa vishimo vidogo kwenye jeli, kwenye kimoja unatia matone ya asali, kingine unatia antibayotiki, kingine maji matupu ya kulinganishia. Unaweka kwenye joto la mwili usiku mzima. Asubuhi kisahani kizima kimekuwa na ukungu mweupe wa bakteria, isipokuwa kuzunguka kishimo cha asali kuna duara safi, hakuna kilichoota. Unachukua rula unapima upana wa duara kwa milimita. Ndo hilo duara lililoko nyuma ya vichwa vya habari vingi sana unavyosoma.

Sasa angalia kilichofanyika pale, asali ilimgusa bakteria moja kwa moja, ikiwa nzito, kwa masaa mengi, bila kitu kingine cha kuingilia. Mwilini ukiimeza haiko hivyo hata kidogo. Tumbo linaipokea kama chakula, sukari zinafyonzwa zinaingia kwenye damu kama sukari, protini zinameng'enywa, methiliglaioksali ina mfumo wake maalumu wa kuiondoa ndani ya seli zetu kwa sababu hata kwetu ni sumu ikizidi, na haidrojeni peroksaidi ina kimeng'enya kinaitwa katalesi kimejaa kwenye damu kinachoivunja papo hapo. Alafu fanya hesabu. Asali nzuri ya tiba inaweza kuwazuia MRSA hata ikizimuliwa hadi chini ya asilimia 10, ni nguvu kubwa kweli. Chukua hiyo 10 kwa urahisi wa hesabu: mtu mzima ana damu kama lita 5, asilimia 10 yake ni nusu lita ya asali, ikiwa asali kamili ndani ya mishipa. Nusu lita ya asali ina sukari zaidi ya nusu kilo, wakati damu yote ya mtu mzima mwenye afya ina glukosi kama gramu 5 tu. Hata ingewezekana kuifikisha humo, mgonjwa angekufa kwa asali kabla bakteria hawajafa. Kwaiyo kwa maambukizi ya damu, mapafu, figo, mifupa, kumeza asali hakuna njia ya kufanya lile duara la kisahani litokee huko ndani.

Kidonda ndo mahali pekee pa kawaida panapofanana na kile kisahani. Asali inakaa juu, nzito, inagusa, unabadilisha kila inapolowa. Na huko ushahidi upo kwa watu, siyo kisahani tu, ila una sura zake. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 26 yenye watu 3,011, yakakuta kwamba kwenye majeraha ya moto yasiyo ya kina asali inaponyesha haraka kuliko bendeji za kawaida, kwa siku 4 au 5 hivi, na vidonda vya upasuaji vilivyoingia wadudu pia vilipona haraka kuliko kwa dawa ya kusafishia na gozi. Kwenye vidonda vya mguu vinavyotokana na mishipa ya vena haikuongeza kitu, na kwa aina nyingine nyingi za vidonda ushahidi ulikuwa hafifu. Kuna jaribio jingine kubwa, lilichapishwa mwaka 2014, wagonjwa 371 wa Australia na New Zealand wanaosafishwa damu kwa mpira wa tumboni, nusu wakapakwa asali ya tiba pale mpira unapotokea na wengine wakawa kwenye utaratibu wa mupirosini, ambayo ni antibayotiki ya kupaka. Asali haikushinda, na wenye kisukari kwenye kundi la asali walipata maambukizi mapema zaidi. Nalitaja kwa makusudi kwa sababu ni jaribio ambalo halisambazwi.

Na hapa nazungumzia asali ya tiba, naomba hili lisichanganywe. Asali ya kawaida, hata iwe safi namna gani, inaweza kubeba mbegu za Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu ya kupoozesha, ambazo zimelala tu humo, haziiharibu asali na asali haiziui. Kuchemsha jikoni hakuziondoi na kunaua vile vimeng'enya unavyovitaka. Asali ya tiba inapigwa miale ya gama, inayoua hizo mbegu bila kuipasha moto, inapimwa nguvu yake, inawekwa kwenye tyubu au inaloweshwa kwenye bendeji. Marekani iliruhusu asali ya namna hii kwa vidonda mwaka 2007. Ongeza na ukweli kwamba asali nyingi sokoni imechakachuliwa kwa sharubati ya sukari. Tume ya Ulaya mwaka 2023 ilitoa ripoti kwamba asilimia 46 ya shehena za asali ya nje walizopima zilitiliwa shaka. Unampaka mgonjwa nini hapo? Sharubati, na sharubati kwenye kidonda ikishazimuliwa ni chakula cha bakteria.

Mzinga una vitu vingine zaidi ya asali. Kuna propolisi, ile gundi ya nyuki, wanakusanya utomvu wa machipukizi na magome wanachanganya na nta na kuzibia nyufa. Wanafanya hivyo pia kwa usafi, mdudu au panya akifia ndani na hawawezi kumtoa wanamfunika na gundi hiyo asioze. Ina kemikali nyingi za mimea za jamii ya flavonoidi, na inawapiga vizuri bakteria wa kundi la Gram chanya kama MRSA, ila wale wa Gram hasi kama E. coli na Klebsiella wana utando wa nje wa ziada unaoizuia, na bahati mbaya hao ndo wengi wao wanatusumbua sasa hivi hospitalini. Propolisi pia inabadilika kabisa kutegemea miti, ile ya kijani ya Brazili na ile ya Ulaya inayotokana na mipopla ni kemikali tofauti zenye jina moja, na kuna watu ngozi yao inaikataa inatoa vipele vinavyowasha.

Maziwa ya nyuki, chakula cha malkia, nayo yana protini za kuua bakteria, moja inaitwa royalisini iligunduliwa Japani mwaka 1990. Kiasi ni kidogo na bado iko hatua za mwanzo.

Sumu ya nyuki ndo naiogopa inapotajwa kirahisi. Nusu ya uzito wake ikiwa kavu ni melitini, mnyororo mfupi wa asidi amino 26 unaojipenyeza kwenye utando wa seli na kuutoboa, seli inavuja inakufa. Bakteria sugu hana kinga nzuri dhidi ya kutobolewa hivyo, lakini chembe nyekundu za damu yako nazo hazina. Watafiti wanajaribu kuibadilisha hiyo melitini ichague bakteria peke yake au kuifungia kwenye vibebeo vidogo mno, na mpaka wafanikiwe kujichoma nyuki ili kutibu maambukizi ni kujiweka kwenye hatari ya mzio unaoweza kufunga koo kwa dakika chache.

Kuna upande mwingine wa hadithi hii ambao nadra kusemwa. Wafugaji wa nyuki Marekani wamekuwa wakitumia antibayotiki kwenye mizinga tangu miaka ya 1950, hasa oksitetrasaiklini, kwa ajili ya ugonjwa unaoozesha majana. Mwaka 2012 timu ya Nancy Moran ilipochunguza bakteria wa tumboni mwa nyuki wa huko walikuta wamejaa vinasaba vya usugu wa tetrasaiklini, wakati nyuki wa nchi ambazo hazitumii dawa hizo walikuwa navyo kwa uchache sana. Yani kiumbe tunachokitegemea kitupe njia ya kutoka tayari tumekiingiza kwenye tatizo lilelile.

Ukiwa na kidonda, basi, dalili za kuangalia ni hizi: wekundu unaotambaa kutoka kwenye kingo, homa, mstari mwekundu unaopanda juu, au kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hata kama hakiumi. Hapo bakteria wameshavuka ngozi wakaingia ndani na kitu cha kupaka hakiwafikii, ni daktari na ikibidi kipimo cha kuotesha usaha ili ijulikane dawa gani bado inawaweza. Muuguzi anaweza kuweka asali ya tiba juu pamoja na dawa ya ndani, vinaenda pamoja bila ugomvi.

Na ile asali ya kijiko, ya kunywa? Ina kazi yake, na inahusu usugu moja kwa moja. Kikohozi kingi cha mafua kinaletwa na virusi, antibayotiki haifanyi chochote kwa virusi, na bado watu wanapewa au wanajinunulia, na kila dozi ya namna hiyo inawapa bakteria wa mwilini mazoezi ya bure. Mwaka 2018 mamlaka za afya za Uingereza zilitoa mwongozo kwamba kwa kikohozi cha muda mfupi mtu aanze na asali, maana kingi kinaisha chenyewe ndani ya wiki 2 au 3, na mapitio ya watafiti wa Oxford ya mwaka 2020 yakakuta asali inapunguza ukali na wingi wa kukohoa kuliko matunzo ya kawaida. Haiui kirusi, inatuliza koo mpaka mwili umalize kazi. Asipewe tu mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu ya zile mbegu za botulinum, utumbo wake bado haujaweza kuzizuia zisiote.